Simu Imefungwa, Jengo Liko Wazi

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi,
Ghorofa ya kwanza, mlango wenye zulia la kijani.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUVUJA KWA HABARI ZANGU KWENYE NGAZI, GETINI NA KWENYE KAMBA YA NGUO

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, ingawa naomba usinijibu kama ni kweli, kwa sababu afya yako ni habari yako na mimi sina haki ya kuwa nayo. Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa karatasi haina kipaza sauti. Na nakuandikia wewe kwa sababu ulifanya kazi posta miaka ishirini na saba, na katika jengo hili lenye milango kumi na sita ni wewe peke yako unayejua maana ya bahasha iliyogundishwa.

Kabla sijayapanga malalamiko yangu, inanibidi nikueleze jinsi nilivyobadilisha mfumo wa simu yangu, maana wapo wanaosema nimebadilika mimi.

Mambo yalianza na goti. Nilikuwa jikoni nimeinama natafuta kifuniko cha sufuria, nikamwambia mke wangu, "Goti hili litanimaliza." Nilimwambia yeye. Simu ilikuwa mezani, imelala kifudifudi, na hakuna aliyeisemesha. Kabla maji ya chai hayajachemka ikaniletea tangazo la dawa ya kuchua magoti, na halijapoa hilo likaja tangazo la mkongojo wenye taa. Mke wangu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Mimi sikucheka. Nimekuwa fundi kufuli miaka thelathini na minne. Nimewafungulia watu waliojifungia nje wakiwa na taulo tu, na mpaka leo sijamwambia mtu hata rangi ya taulo. Leo kifaa changu mwenyewe kinapeleka goti langu sokoni! Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo.

Nikashuka hadi kwa fundi simu wa duka la chini, yule mama wa makamo tunayemwita Bisibisi. Alinisikiliza bila kuinua kichwa, akaniambia kwamba simu ni kama nyumba, na ule mfumo unaoiendesha ndio mwenye funguo zote; ukitaka faragha, mtoe huyo mlinda funguo, mweke mwingine. Akanipangia mifumo mitatu. Majina yao yalikuwa ya kigeni na sikuyashika, lakini tabia zao nilizielewa. Wa kwanza ni ule ule wa zamani uliopunguziwa umbea. Wa pili una adabu: hauchukui habari zako, ila ukiuomba vizuri unakubali kufanya kazi na programu za kawaida. Wa tatu, alisema Bisibisi, haumwamini mtu yeyote.

Nikauliza, "Hata mwenye simu?"

"Hasa mwenye simu," akasema. "Fundi mwenzangu, nisikilize. Chukua wa pili. Wa tatu ni wa watu wenye maadui."

Nikamuuliza nani kamwambia mimi sina. Ndugu Mwenyekiti, katika kazi yetu kuna kanuni moja ambayo mwalimu wangu alinifundisha kabla hajaniruhusu hata kushika tupa: kufuli zuri humsumbua kwanza mwenye nyumba. Mwenye nyumba akilifungua kwa raha, mwizi naye atalifungua kwa raha. Kwa hiyo nilichagua wa tatu. Bisibisi alinitaka niseme mara mbili, mbele ya mteja mwingine, kwamba nimeuchagua kwa hiari yangu na akili zangu timamu. Nikasema.

Naweza kukuhakikishia kwamba mfumo huo ni mzuri kuliko kufuli lolote nililowahi kulifunga. Kila programu inaomba ruhusa kabla ya kupumua. Kamera iliomba, nikakataa. Ramani iliomba, nikakataa. Kitabu cha majina kiliomba, nikakataa kwa sauti. Kikokotoo hakikuomba kitu, na tangu siku hiyo nakitilia shaka. Tarakimu za namba ya siri zinahama kila unapoziangalia, moja ikikaa pa saba na saba pa sifuri, ili mtu anayechungulia begani asijue unabonyeza nini. Mimi mwenyewe sijui ninabonyeza nini. Kufungua simu kunanichukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na huo ndio usalama.

Juu ya hayo kuna namba za siri mbili. Moja inafungua simu. Ya pili ni ya siku utakapotekwa: ukiibonyeza, simu inafuta kila kilichomo, mara moja, bila kuuliza. Kwa kuwa mimi ni mtaalamu, nilichagua namba mbili zinazofanana sana, ili mwizi achanganyikiwe. Mwizi bado hajaja. Siku ya tatu nilikuwa namwonyesha mke wangu namna ya kufungua, nikachanganyikiwa kwa niaba yake. Zikaenda picha za harusi ya binti yetu, namba za watu mia nne, na kengele ya kunikumbusha vidonge. Mke wangu akaniuliza, "Ndivyo inavyotakiwa iwe?" Nikamjibu kwa fahari kwamba ndivyo hasa. Hakusema nami tena mpaka tulipokula, na hata hapo aliomba chumvi tu.

Tangu siku hiyo nimeiamuru simu imkatae kila apigaye ambaye namba yake haimo kwenye orodha. Orodha haina mtu. Kumwingiza mtu kunataka nikiruhusu kile kitabu cha majina nilichokikatalia, na mimi si bendera ya kufuata upepo. Nikitaka kuzungumza na mke wangu, ambaye ameenda kwa binti yetu mwendo wa siku nzima kutoka hapa, nampigia mimi mwenyewe jioni. Namba yake naijua kwa kichwa. Kipaza sauti nakiruhusu kwa dakika tano, halafu nakifunga. Jioni ya kwanza aliposema, "Ni mimi," nilimwomba athibitishe. Watu wangapi duniani wanaweza kusema "ni mimi"? Nikamuuliza siku ya harusi yetu nilivaa shati gani. Akajibu kwa sauti ya mtu aliyesafiri kutwa, "Lile uliloazima kwa kaka yako, na kifungo cha juu hakikufunga!"

Jibu lilikuwa sahihi. Lakini dirisha langu lilikuwa wazi. Kesho yake asubuhi mlinzi wa getini alinisalimia huku akiniangalia kola.

Hapo ndipo nilipozinduka. Simu nimeifunga, lakini jengo lenyewe liko wazi kama chungio! Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

LALAMIKO LA 1: SALAMU. Kutoka mlangoni kwangu ghorofa ya tatu hadi getini kuna ngazi arobaini na nane. Siku ya Jumatatu nilizishuka nikienda kununua balbu, na kabla sijafika chini nilikuwa nimeulizwa habari za asubuhi, habari za nyumbani, za kazi, za mama watoto, za huko alikokwenda, za goti, na za tangu jana. Nikuulize, Ndugu Mwenyekiti: kuna mtu aliyenionyesha ukurasa wenye maneno "Nakubali" na "Sikubali"? Hakuna. Hata simu yangu ya zamani, pamoja na ufisadi wake wote, ilikuwa na aibu ya kuniletea ukurasa huo, ingawa sikuwahi kuusoma. Wakazi wenzangu wanakusanya tu, wanapita, na wanaenda kuhifadhi wanakojua wenyewe.

Nilijaribu kutumia haki yangu. Jirani yangu wa mlango wa pili, Mama Pacha, aliponiambia, "Habari za asubuhi, Fundi?" nilimjibu kwa upole, "Sikubali." Saa moja haikupita, jengo zima lilijua kwamba naumwa. Nililetewa limau na watu wanne. Wa tano alileta tangawizi na ushauri. Siku iliyofuata nikabadilisha, nikawa najibu, "Habari ipo." Nilidhani hilo ni jibu salama, maana linakiri kwamba habari ipo bila kuitoa. Kumbe nilimwaga petroli kwenye moto. Sasa wanataka kujua ni ipi.

LALAMIKO LA 2: MLINZI. Huyu ndugu tunamwita Redio, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Daftari lake la wageni silipingi. Daftari lina kurasa, na kurasa huisha. Ninachopinga ni kichwa chake, ambacho hakiishi. Anajua nani kaingia na mfuko gani, na mfuko ukitoka ulikuwa umepungua kiasi gani. Nilikaa naye kwenye benchi lake, nikamweleza kwa mfano wa simu yangu. Nikamwambia nataka tukubaliane neno moja la siri, ambalo nikilitamka mbele yake atafuta kila anachokijua kunihusu. Alinisikiliza kwa heshima kubwa, akakubali, tukapeana mikono. Nikamnong'oneza neno. Kufikia saa nane mchana wakazi wote wa ghorofa ya pili walikuwa wananisalimia kwa neno hilo hilo.

LALAMIKO LA 3. Lalamiko hili limezuiliwa kwa sababu za faragha. Linamhusu jirani wa ghorofa ya nne na ndoo yangu ya bluu.

LALAMIKO LA 4: KAMBA YA NGUO. Sijui kama umewahi kuitazama kamba ya nguo iliyo juu ya paa letu kwa jicho la mtaalamu. Kila kitu kimo. Ukubwa wa familia, nani amesafiri, nani amenenepa, nani amerudiana na nani. Mke wangu alipoondoka nilianika shati moja na fulana mbili, na Mama Pacha akaniambia, kwa huruma ambayo sikuiomba, "Fundi, hizi ni nguo za mtu anayelala kwenye kochi." Ni kweli nalala kwenye kochi. Kitanda kikubwa kimezidi. Lakini hilo ni la kwangu na kochi.

Nikazungushia kamba yangu mashuka mawili ili kisionekane ninachoanika. Watu walipanda paani kuja kuona kinachofichwa, wakiwemo wawili ambao hawakuwa hata na nguo za kuanika siku hiyo. Kwa hiyo nimehamia kuanikia ndani, chini ya meza, madirisha yakiwa yamefungwa. Leo ni siku ya tano. Nakuandikia nikiwa nimevaa shati bichi, na karatasi ikionekana imelowa hapo kwenye pembe usidhani ni machozi.

LALAMIKO LA 5: SUFURIA YANGU. Mke wangu kabla hajasafiri alimteua Mama Pacha kuwa msimamizi wa tumbo langu. Sikushirikishwa kwenye uteuzi huo. Kila adhuhuri mama huyu anabisha, anaingia, anafunua sufuria, anaangalia, anafunika, anaondoka. Hali. Haibi. Anaangalia tu, kisha anampigia mke wangu simu na kumpa ripoti. Nimewahi kumsikia kupitia ukuta akisema, "Leo kala nusu, jana hakugusa." Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini ya sufuria yangu inajulikana na jengo zima!

Jumatano nilichoka. Nikatoboa masikio ya sufuria na mfuniko, nikaitia kufuli. Si kufuli la dukani: ni lile nililolitengeneza kwa mkono wangu mwaka ule wa mashindano ya mafundi, ambalo mahakimu watatu walishindwa kulifungua mpaka wakanipa cheti ili waende nyumbani. Ufunguo nikauweka mahali salama sana, ambapo bado sijapakumbuka. Utaniuliza: wewe si fundi kufuli, kwa nini usilifungue? Nimejaribu, Ndugu Mwenyekiti. Halifunguki. Nalisema hilo kwa fahari, nikiwa na njaa. Mama Pacha alikuja adhuhuri, akaitazama sufuria, akanitazama mimi, akaondoka, akarudi na sahani iliyofunikwa. Nilikula chini ya pingamizi. Naomba liandikwe kwenye kumbukumbu za kamati kwamba nilikula yote lakini chini ya pingamizi.

LALAMIKO LA 6: BINTI YETU. Hapa naomba usicheke, hata kama huko juu umecheka.

Binti yetu ni mmoja tu, na siku hizi yuko mbioni kujifungua mtoto wake wa kwanza. Alipokuwa mdogo, kila jambo lake kubwa nililijua mimi kwanza. Jino la kwanza lilipong'oka alikuja nalo mbio mpaka kibandani kwangu, limo kwenye ngumi, kabla hajamwonyesha hata mama yake. Alipofaulu mtihani alisimama mbele ya mashine yangu ya kuchonga funguo mpaka nilipoizima. Nilipokuwa namsindikiza siku ya harusi yake aliniambia, "Baba, nikipata mtoto, wewe ndiye utakuwa wa kwanza kujua." Ahadi hiyo sijamwambia mtu mpaka leo, na hata mke wangu haijui vizuri.

Sasa elewa kwa nini nimeifunga simu kwa nguvu hivi. Nataka habari hiyo ipite mlango mmoja tu, na nyuma ya mlango huo niwe nimesimama mimi. Lakini nikitoka tu nje nakutana na watu wanaouliza, "Binti vipi, bado?" Nimehesabu: mara tisa kwa siku, na Ijumaa mara kumi na mbili. Nani aliwaambia kwamba kuna "bado"? Redio ana mpaka tarehe! Mwalimu wa ghorofa ya pili ana maoni kuhusu kama ni wa kike au wa kiume, kutokana na jinsi binti yetu alivyokuwa akipanda ngazi alipotutembelea mara ya mwisho.

Naogopa, Ndugu Mwenyekiti. Nasema wazi. Nina miaka sitini na mmoja, sijawahi kuitwa babu, na naogopa kwamba siku ya kuitwa nitaisikia kwenye ngazi, kutoka kwa mtu aliyebeba kapu la vitunguu. Kitu kama hicho kikishaibwa hakuna fundi wa kukirudisha.

Kutokana na hayo yote, naiomba kamati yako ichukue hatua zifuatazo, ambazo nimejitahidi zisiwe na usumbufu:

Salamu zote kwenye ngazi ziombewe ruhusa kwa maandishi siku moja kabla. Asiyeweza kuandika aniangalie, akohoe mara moja, asubiri.

Jina langu liondolewe mlangoni, na namba ya mlango pia. Nimeona lakini kwamba mlango mmoja usio na namba kati ya kumi na sita ungejulikana mara moja kuwa ni wangu, kwa hiyo namba zote kumi na sita ziondolewe. Halafu jengo lisilo na namba za milango litajulikana kuwa ni letu, kwa hiyo na jengo lipoteze namba yake. Kuhusu kibao cha mtaa sisemi mengi; kipo karibu, kina misumari miwili tu, na ngazi ninayo.

Wakazi tubadilishane majina kila wiki. Mimi niko tayari kuwa Mama Pacha kwa kipindi cha majaribio.

Redio awekwe mahali asipoona geti.

Endapo kamati itaona hatua hizi ni nzito, basi napendekeza njia nyepesi zaidi: familia zote kumi na sita zihame kwa utaratibu, kila moja kwa siku yake, bila kumwambia mtu inakokwenda, na mimi nibaki kulinda jengo. Sina haraka. Hata mwisho wa wiki unafaa.

Naamini utalipokea ombi langu kwa uzito uleule uliokuwa ukipokelea rejista za posta. Nisalimie wote humo ndani. Msalimie shemeji, na umwambie zile nywele alizopaka rangi zimempendeza, sitamwambia mtu. Msalimie mwalimu wa ghorofa ya pili, pamoja na barua yake ya uhamisho ambayo bado hajamwonyesha mkewe. Wasalimie wale wapangaji wapya wanaogombana kwa kunong'ona. Waambie ukuta wa bafu ni mwembamba na kwamba, kwa maoni yangu, mume ndiye mwenye haki. Msalimie Bisibisi, ambaye tangu Alhamisi anafunga duka mapema na kwenda kujifunza kuogelea. Msalimie Redio, lakini usimwambie nimeleta barua.

Wako katika ujenzi wa jengo lenye siri,

Mkazi asiyependa kutajwa,
(fundi kufuli, ghorofa ya tatu, upande wa kushoto ukipanda, mlango wenye vitasa vitatu).

Nyongeza: Ndugu Mwenyekiti, barua hii ilikuwa imekwisha na nilikuwa nailamba bahasha, nikasikia kelele chini. Zilianzia getini, zikapanda ghorofa ya kwanza, ya pili, na kila zilipofika ziliongezeka vigelegele, mpaka zikafika kwangu na kuanza kuupiga mlango kwa viganja. Mama Pacha alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Fundi, fungua! Fungua hivyo vitasa vyako, umekuwa babu!"

Nilivifungua vitatu kwa mpigo. Sijawahi kuvifungua haraka vile kwa mteja yeyote.

Binti yetu alinipigia mimi. Alinipigia tangu saa tatu asubuhi, mara kumi na moja, akiwa amelala kitandani na mtoto kifuani, na mama yake naye akajaribu mara sita. Simu yangu iliwakataa wote kwa adabu, mara kumi na saba, na mimi nilipoona idadi hiyo kwenye kioo nilimsifu Bisibisi kimoyomoyo. Mwisho binti akampigia Mama Pacha. Akamwambia, "Mwambie baba yeye ndiye wa kwanza niliyempigia. Mwambie hivyo kabla hujamwambia kitu kingine." Mama Pacha hakuweza kuvumilia njiani, akamwambia Redio kwanza. Namsamehe. Namsamehe na Redio pia.

Nilikaa kwenye ngazi nikalia mbele ya ghorofa ya tatu nzima na nusu ya ghorofa ya nne, na sikuzungushiwa shuka. Yule wa ndoo ya bluu ndiye aliyenishika bega.

Ni wa kike. Kilo tatu na robo. Amezaliwa saa tatu kasoro dakika kumi, ana nywele nyingi, ana pua yangu, na sikio la kushoto limekunjika kidogo kwa juu, daktari anasema litanyooka. Mama yake ni mzima wa afya, kala, kalala. Naomba uyabandike haya yote kwenye ubao wa matangazo, juu ya lile la maji, kwa herufi kubwa, na uyatume kwenye kundi la simu la jengo na makundi mengine yoyote uliyomo, hata ya watu wa posta. Mtu atakayepishana nami kwenye ngazi bila kuniuliza habari za mjukuu, nitaiandikia kamati barua inayomhusu yeye peke yake.

Picha imetumwa kwa kila simu humu ndani. Ya kwangu imeikataa, inasema haimjui huyo mtoto. Mama Pacha anasema kioo kikubwa kuliko vyote ni cha simu yako. Kwa hiyo sikuisubiri bahasha ikauke. Nimeshuka mwenyewe na barua hii nimeipenyeza chini ya mlango wako. Ikiwa umefika kwenye mstari huu, bado nimesimama hapa kwenye zulia la kijani. Nifungulie, dada yangu, nimwone.